Ukiacha kucheza wavu unakwenda wapi? Habari ya Janet Wanja



Hapa Msimbazi ukiuliza nani alikuwa mchezaji mkali halafu akawa kocha mkali, hata muuza kahawa atakujibu kabla hujamaliza swali: Abdallah Kibadeni. Mwaka 1977 aliwatungua Yanga mabao matatu peke yake siku ile ya 6-0, na mwaka 1993 akiwa kocha akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Hiyo tunaijua wote, hata watani zetu wa Jangwani wanaijua japo hawapendi kukumbushwa.

Leo naomba tuache soka kidogo, twende kwenye mpira wa wavu. Dada ninayetaka kumzungumzia ni jirani yetu wa Kenya, Janet Wanja. Wengi hapa Bongo hawakumsikia mpaka alipofariki Desemba 2024, na kwa kweli ni aibu yetu.

Wanja alikuwa seta. Kwa wasioujua mchezo: timu ina wachezaji sita uwanjani na inaruhusiwa kugusa mpira mara tatu kabla haujarudi upande wa pili. Wa kwanza anapokea, wa pili anapanga, wa tatu anapiga. Huyo wa pili ndiye seta. Watu wanampigia makofi aliyeshindilia smashi, lakini aliyeamua nani apige, wapi na lini ni seta. Tena anaamua kwa muda mfupi sana, huku anaangalia nani wa kwake amechoka na nani wa upande wa pili kachelewa kwenda kuzuia. Ndiyo maana watu wa wavu husema seta ni kocha aliye ndani ya uwanja.

Mwaka 2004 Wanja alikuwa na miaka 20 tu, na alikuwa kwenye kikosi cha Malkia Strikers kilichokwenda Olimpiki ya Athens. Kenya ilipoteza mechi zote tano. Nyumbani aliichezea Kenya Pipeline, moja ya klabu kubwa za wanawake Afrika, na akadumu timu ya taifa miaka mingi.

Hapo ndipo linakuja swali la kila mwanamichezo: magoti yakianza kukataa, unafanya nini?

Wanja hakuondoka. Aliingia kwenye benchi la ufundi kama mwalimu wa mazoezi ya viungo, na Olimpiki ya Paris 2024 alikwenda na Malkia Strikers kwa kazi hiyo, chini ya kocha mkuu Japheth Munala, ambaye naye alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanaume. Hebu piga hesabu: Athens hadi Paris ni miaka 20 kamili. Mara ya kwanza alivaa jezi, mara ya pili akawaandaa wadogo zake.

Kuna watakaosema mwalimu wa viungo si kocha. Nisikilizeni. Kwenye wavu kocha mkuu ana taimu auti mbili tu kwa seti, kila moja sekunde 30, na sabu sita. Basi. Kinachobaki kimeshafanyika mazoezini. Wavu wa wanawake upo mita 2.24 kutoka chini, na mchezaji anaruka na kutua mechi nzima. Asipofundishwa kutua vizuri na kujenga mapaja na mabega, goti au bega linaondoka na mbinu zote za kocha zinaishia hapo. Anayelijua hilo vizuri ni aliyewahi kutua mwenyewe.

Paris napo Kenya ilifungwa na Brazil, Poland na Japani, zote 3-0. Sasa je, kazi ilikuwa bure? Mimi nasema hapana. Agosti 2023 kule Yaounde, Munala aliwapa Kenya ubingwa wa Afrika wa kumi, wakiifunga Misri fainali 3-0. Tofauti ya Afrika na dunia ni kubwa, na haizibwi na kizazi kimoja. Inazibwa na watu wanaobaki kwenye mchezo baada ya kuacha kucheza.

China wanalijua hili. Lang Ping alishinda dhahabu ya Olimpiki akiwa mshambuliaji mwaka 1984, akaja kushinda tena akiwa kocha mwaka 2016. Karch Kiraly wa Marekani naye alikuwa na dhahabu tatu za mchezaji, kisha akaongeza ya ukocha na wanawake wa Marekani kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Hawa wawili hawakuwa maseta, kwa hiyo usiseme "mimi mpigaji, ukocha haunihusu".

Lakini tuseme ukweli, kubaki kunahitaji ugali. Kule Kenya klabu kubwa ni za mashirika: Pipeline ni ya mafuta, KCB ni benki, Prisons ni magereza. Hapa kwetu vilevile, Jeshi Stars na Magereza ndio wameubeba mchezo. Aliye ndani ya taasisi akiacha kucheza anaweza kubaki na ajira. Kijana wa mtaani asiye na taasisi akiumia goti, kesho yupo Kariakoo anabeba mzigo, na ujuzi wake wote unapotea.

Ushauri wangu kwa wanaocheza: usisubiri uumie. Kozi za ukocha za FIVB zipo kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Fuatilia chama kinapoitisha, soma ungali unacheza, anza na watoto wa shule ya jirani.

Wanja alifariki Desemba 27, 2024, kwa saratani ya kibofu cha nyongo, miezi michache tu baada ya Paris. Alikuwa na miaka 40. Angeweza kuwa kocha mkuu siku moja, hatutajua. Mungu ampumzishe.

Haya wadau, nani hapa mtaani kwenu alicheza wavu zamani na sasa anafundisha watoto bila kulipwa? Tuambieni hapo chini kazi anayoifanya, tuwape heshima yao wangali hai.