Je, Kila Mtu Aweza Kuishi kwa Mboga Tu?

Bila shaka umesikia watu wakisema, "Asiyekula nyama hapati nguvu." Na wengine wanajibu, "Hapana, nyama ndiyo inayoleta magonjwa, ule mboga tu." Wote wanasahau jambo moja: miili yetu si sawasawa.

Ndani ya mwili wako mna urithi uliopata kwa wazazi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Vipande vya urithi huo vinaitwa jeni. Ni vidogo sana, lakini ndivyo vinavyouagiza mwili namna ya kutumia chakula.

Angalia watu wa Pune, mji wa India, ambako wengi hawali nyama tangu mababu. Ubongo wa mtu unahitaji mafuta ya namna fulani, yaitwayo asidi arakidoniki. Mla nyama na mayai anayapata yakiwa tayari. Asiyekula vitu hivyo, mwili wake lazima uyatengeneze kwa mafuta ya mbegu na nafaka. Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa habari za watu 234 wa Pune. Katika kila watu 100, 68 walikuwa wamepokea, kwa baba na kwa mama pia, namna ya jeni inayofanya kazi hiyo kwa bidii. Kwa Wamarekani wa Kansas walikuwa 18 tu. Kwa Waafrika waliopimwa walikuwa 53, kwa hiyo usidhani ni habari ya Wahindi peke yao.

Kwa mtu wa mboga, jeni hiyo ni msaada. Lakini mwili wenye bidii namna hiyo, ukipewa mafuta mengi ya alizeti au ya soya, unaweza kutengeneza kupita kipimo, na wataalamu wale wanaona kwamba hapo uvimbe wa ndani unaweza kuongezeka na kuudhuru moyo. (Mawese nayo yana shauri lake: karibu nusu ni mafuta yanayoganda. Usiyamwage katika sombe kama maji!)

Tena liko jambo ambalo jeni haziwezi kusaidia. Vitamini B12 haimo katika sombe, wala lengalenga, wala maharagi, na hakuna mtu anayezaliwa na jeni ya kuitengeneza. Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo sababu aliyeacha nyama anajiona mzima siku nyingi. Baadaye damu inapungua, miguu inakufa ganzi.

Mtoto mchanga hana akiba kubwa. Mama anayenyonyesha, kama hali nyama wala samaki, mayai wala maziwa, aangalie sana. Mtoto akilegea, akikataa kunyonya, au akiwa hawezi tena kukaa naye alikwisha kujua, usingoje. Mpeleke kwa munganga, na umwambie wazi wewe mama unakula nini, maana hawezi kukiona usoni pako. Dawa iko, ya sindano au ya vidonge. Na kama si mwiko kwenu, sambaza na ndagala wana B12 nyingi, hata wakiwa wakavu.