Mzee Huhitaji Wenziwe

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliichagua mwaka 1990 iwe Siku ya Wazee Duniani, hotuba nzuri husomwa na wazee huketishwa viti vya mbele. Kesho yake viti hurudishwa ghalani, na wazee hurudi walikotoka. Sisi hatuibezi siku hiyo. Tunaloliuliza ni jambo moja tu: mzee akishapata paa, chakula na dawa, ahitaji nini tena ili uzee wake uwe uzee mwema?

Swali hili linatuhusu sote, raia na watumishi wa Serikali. Jibu lake tumelikuta mbali na Visiwa vyetu, katika nchi ya milima, mvua na migomba: Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, ambayo makao yake makuu ni Tukuyu. Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza, Tukuyu yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Tunamwomba avumilie kidogo.

Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ambayo wataalamu wa elimu ya jamii wameitaja kuwa ya nadra sana duniani. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa na marika; Wanyakyusa walikwenda mbali zaidi, wakaishi kwa rika. Kijiji chao hakikuwa kijiji cha ukoo, bali cha watu waliolingana umri. Wataalamu wawili, Mwingereza Godfrey Wilson na mkewe Monica wa Afrika ya Kusini, waliishi miongoni mwao kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu juu ya vijiji hivyo kiitwacho Good Company. Jina hilo halikuwa pambo. Lilikuwa tafsiri ya neno la Kinyakyusa, ukwangala, maana yake raha ya kuwa pamoja na wenzako: kula pamoja, kuzungumza pamoja, kusaidiana na kufundishana adabu.

Desturi yenyewe ilikwenda hivi. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, na hicho kikawa chanzo cha kijiji kipya. Bado walilima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, lakini hawakula mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto aliyeleta wenzake nyumbani alisifiwa. Aliyejificha akala peke yake alitiliwa shaka. Walipofika umri wa kuoa, kila mmoja alimleta mkewe katika kijiji hicho hicho, na waliolala kibanda kimoja wakiwa watoto wakawa majirani wakiwa na wajukuu.

Hivyo mzee wa Kinyakyusa aliufikia uzee akiwa miongoni mwa watu waliomjua tangu alipokuwa mchunga ng'ombe. Walijua aliyekuwa hodari, aliyekuwa mwoga, na deni gani lilikuwa halijalipwa. Hakuwa na haja ya kumweleza mtu yeye ni nani.

Tuone tofauti. Mwaka 1960, huko Arizona, Marekani, ulifunguliwa mji uitwao Sun City, uliojengwa mahsusi kwa ajili ya watu waliostaafu. Ulikuwa na nyumba nzuri na viwanja vya michezo, na miji mingi ya namna hiyo imejengwa tangu wakati huo. Lakini mtu huingia humo akiwa tayari mzee, kwa fedha yake, naye huanza upya kutafuta marafiki. Rungwe mtu aliingia kwa umri wake akiwa na miaka 10, bila ya kulipa hata senti. Wamarekani walijenga nyumba kwanza wakangoja urafiki ufuate. Wanyakyusa walianza na urafiki, na nyumba ikafuata.

Yako mafunzo mawili ambayo tungependa wakubwa wetu wayazingatie.

La kwanza ni kwamba uzee mwema hauanzi siku ya kustaafu. Huanzia ujanani, katika kula na wenzako na kuwatunza. Mtu aliyeishi miaka 60 bila ya rafiki hataupata urafiki kwa barua ya ofisi ya ustawi wa jamii.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kukabidhi. Wanyakyusa walikuwa na sherehe kuu iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Ilifanywa mara moja katika kila kizazi, baada ya miaka 30 hivi au zaidi. Siku hizo mioto ya zamani ilizimwa na moto mpya ukapekechwa. Utawala na ulinzi wa nchi vilitoka mikononi mwa kizazi cha baba, vikaingia mikononi mwa kizazi cha wana. Wazee walisogea pembeni, wakawaachia vijana ardhi. Hata hivyo hawakutupwa. Kazi ya matambiko na ya kuiombea nchi ilibaki kwao, na hakuna kijana aliyethubutu kuwanyang'anya. Kwa maneno mengine, mzee alipunguziwa mzigo lakini hakuondolewa kazini. Alijua lini atatoa, atatoa nini, na atabaki na nini. Leo mashauri mangapi ya ardhi yanayowagombanisha baba na wanawe yasingefika barazani kama mambo hayo matatu yangejulikana mapema?

Hatusemi kwamba Rungwe ya kale ilikuwa pepo. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee hao walioa wake wengi huku vijana wakingoja miaka mingi. Wanawake hawakuwa na kijiji cha rika lao. Walifuata vijiji vya waume zao, na mume alipofariki mjane alirithiwa pamoja na mali. Na ile shaka juu ya mtu mpweke ilikuwa na sura mbaya, kwani aliyejitenga aliweza kudhaniwa mchawi. Shaka ya namna hiyo imewaua wazee wengi katika nchi yetu, hasa vikongwe wa kike katika mikoa ya Bara. Hiyo ni aibu ambayo hakuna mila inayoweza kuihalalisha. Tunaichukua busara ya wazee wa Rungwe, wala hatuyachukui makosa yao.

Wala hatusemi kwamba vijiji hivyo vifufuliwe. Vilikwisha kwa sababu zinazoeleweka. Vijana walikwenda kutafuta mishahara katika migodi ya dhahabu ya Lupa, ya shaba kusini mwa mpaka, na hata ya Afrika ya Kusini. Kahawa na chai viliipa ardhi thamani ya fedha, na mtu aliyepanda kahawa hakutaka tena kusogea ili kupisha kizazi kipya. Monica Wilson aliporudi Rungwe mwaka 1955 aliona mabadiliko hayo kwa macho yake, na mwaka 1977 alitoa kitabu kingine juu ya jinsi uhusiano wa vizazi ulivyogeuka. Leo mzee wa Tukuyu anaweza kuwa na migomba yake, parachichi zake na nyumba ya bati, huku watoto wake wako Mbeya mjini au Dar es Salaam. Njaa hana, mtu wa kuzungumza naye jioni ndiye anayemkosa.

Sasa tugeukie kwetu Visiwani. Katika suala la wazee Zanzibar ina sababu ya kujivunia. Serikali imewatunza wazee wasio na jamaa katika nyumba za Sebleni na Welezo huko Unguja, na Limbani huko Pemba. Mwezi Aprili mwaka 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alifanya kazi ya Serikali au alivua samaki maisha yake yote. Kiwango kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikaongezwa. Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ilitangazwa mwaka 2003, lakini pensheni ya wazee wote kama ile ya Visiwani mkulima wa Rungwe bado anaisubiri. Katika hili, Tukuyu ndiyo yenye haki ya kujifunza kwetu.

Lakini fedha haizungumzi na mzee usiku. Na hapa ndipo tunapoona hatari. Ni rahisi kwa ofisi kuhesabu vitanda, magodoro na bahasha za pensheni, kisha ikaandika katika ripoti kwamba wazee wametunzwa. Upweke hauna safu katika daftari la mahesabu, na kwa hivyo hausomwi na mtu.

Visiwani tuna ukwangala wetu, nao ni baraza. Kwa karne nyingi mzee wa mji na wa shamba ameketi barazani na watu wa rika lake, kahawa ikimiminwa, bao likichezwa, khabari zikipimwa na kijana mkorofi akipata onyo lake. Baraza hizo zinapungua. Nyumba mpya hujengwa kwa kuta ndefu na mageti ya chuma, na mzee hubaki ndani na televisheni. Aliyebomoa baraza ili apanue duka hakujua kwamba amembomolea babu yake nyumba ya pili.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache, ambayo mengi yake hayahitaji fedha nyingi. Kila shehia, na kila kijiji cha Bara, kitenge mahali pa wazee kukutana, penye kivuli, maji na choo cha karibu, na muuguzi afike hapo kwa siku maalumu badala ya mzee kumfuata muuguzi. Wanawake wapate mahali pao, pasiwe ukumbi wa wanaume peke yao. Mzee anapolazimika kuhamia nyumba ya wazee, maofisa waulize kwanza rafiki zake ni akina nani na wako wapi, na asipelekwe mbali nao bila ya sababu. Ndani ya nyumba hizo wazee wapewe la kufanya: bustani ya kutunza, watoto wa skuli wa kuwasimulia historia, sauti katika kamati inayoamua chakula chao. Na sisi wenye nguvu bado, tugawe urithi na majukumu tungali hai na akili zetu timamu, ili kutoa kwetu kuwe heshima, kusiwe kunyang'anywa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Usemi huo una sharti lake: wazee wawepo pale neno linaposemwa. Mzee aliyefungiwa peke yake chumbani, hata akila mara tatu kwa siku, ameondolewa katika neno, na neno limeanza kuharibika.

Tunawaomba viongozi wanaopanga makadirio ya mwaka ujao waongeze swali moja katika fomu zao. Baada ya kuuliza mzee huyu anakula nini na analala wapi, waulize pia: anakula na nani?