Nyumba mbovu humlaza mzee hospitalini

Msomaji, mzazi wako aliyepita miaka 70 anapougua, bila shaka unauliza habari za dawa. Amepimwa presha? Amepimwa sukari? Maswali hayo ni mazuri, nami huyauliza kila siku. Lakini kuna swali moja ambalo huulizwa mara chache: analala katika nyumba ya namna gani?

Wiki hii tuangalie Garsen na vijiji vya bonde la Mto Tana. Nyumba nyingi za huko ni za fito na udongo, nyingine paa la makuti au nyasi, nyingine mabati. Ni nyumba nzuri kwa joto la kule, ila zataka mkono wa mtu kila mwaka. Mchwa hula nguzo, mvua hubomoa udongo, makuti huoza. Kisha mto nao hufurika. Ulifurika vibaya wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ukafurika tena 2018, 2023 na 2024. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa hadi kumwagika, maji hufika bondeni hata kama Garsen kwenyewe hakujanyesha.

Ukuta wa udongo ukisimama ndani ya maji huyeyuka kuanzia chini. Kijana atakata fito, atakandika upya, na baada ya majuma machache amehamia. Bibi wa miaka 75, ambaye wanawe wako Malindi na Mombasa kutafuta riziki, atafanya nini? Atakaa humo humo.

Hapo ndipo sisi madaktari tunapoingia, na mara nyingi tunaingia tumechelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Mzee haanguki kwa sababu ya uzee peke yake. Macho yana mtoto wa jicho, magoti yamekaza, dawa ya presha inampa kizunguzungu anapoinuka kitandani. Sasa mwongezee sakafu yenye mashimo, kizingiti kilichoinuka, giza, na choo cha shimo kilicho mbali na nyumba. Usiku wa manane anakwenda akipapasa. Katika vijiji vya delta huenda akakutana na kiboko pia, lakini mimi namwogopa zaidi yule kiboko asiyeonekana, yaani kizingiti.

Mifupa ya wazee, hasa akina mama, huwa imekonda. Kuanguka ambako kwa mtoto ni kulia tu, kwa bibi ni kuvunjika nyonga. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, wala hawezi kusimama, usimwite mkandaji. Usimvute mguu. Mlaze kwenye ubao au kitanda chepesi, abebwe hivyo hadi hospitalini, iwe Ngao au Hola. Mzee aliyevunjika nyonga akalazwa tu nyumbani hupata vidonda vya mgongo, damu huganda miguuni, na kichomi humwingia kifuani.

Paa linalovuja lina madhara yake pia. Godoro likilowa, chandarua kikichanika, mbu wanapenya. Kama anapikia ndani juu ya mafiga, moshi humharibu mapafu polepole, na ile kikohozi isiyokwisha hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Je, Serikali inasaidiaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa jamaa zao na pia kwa Serikali. Kupitia Inua Jamii, wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kulipwa mwaka 2018 bila kuchaguliwa kwa umaskini. Kiasi kilikuwa Sh2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: hazifiki Sh67. Mzee akinunua unga, sukari na mafuta ya taa, hakuna kinachobaki cha kununua misumari, sembuse mabati. Inua Jamii ni pesa za kula. Si fungu la kutengeneza nyumba.

Wewe unayelipwa mshahara unakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba chini ya sheria ya Machi 2024, na mwajiri wako huongeza kiasi hicho hicho. Sina ugomvi na nyumba mpya. Lakini kama daktari naona kwamba kukandika ukuta mmoja na kusogeza choo karibu ni nafuu kuliko nyonga moja iliyovunjika. Marekani, mwenye nyumba maskini wa shambani aliyefika miaka 62 anaweza kupewa na serikali hadi dola 10,000, bila kuzirudisha, za kuondoa hatari nyumbani mwake. England nako, halmashauri hugharamia vyuma vya kushikilia na bafu zisizo na ngazi. Hatuna pesa zao, lakini kazi yenyewe kwetu ni ya fito na udongo.

Kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Mwambie mwakilishi wa wadi yenu aombe fungu la nyumba za wazee, na umtajie hatari zenyewe: vizingiti, vyoo, mapaa. Kwa mzee asiyeweza kutembea vizuri, ulizia kwa afisa wa ustawi wa jamii kuhusu kuandikishwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu.

Na utakapokwenda kumtembelea, badala ya kubeba mkate na soda tu, beba taa ya sola ya kuweka kando ya kitanda. Fukia mashimo ya sakafuni. Chimbia nguzo mbili imara kando ya choo ili ashike anapoinuka. Mtafutie ndoo yenye mfuniko ya kutumia usiku, ibaki karibu na kitanda, na asiyeitaka kwa aibu mwelezeni kwa heshima, ikibidi mjukuu wake ndiye azungumze naye.