"BODI IMEAMUA": MANENO YA WADHAMINI NA MAANA YAKE

Kwenye mikutano ya afya kambini huulizwa maswali kama hili: "Kwa nini mnajenga chumba kipya cha chanjo wakati dawa za zahanati zimepungua?" Jibu huwa fupi: "Bodi imeamua," au "Fedha hizo zina masharti." Aliyeuliza hukaa chini, lakini hajaelewa. Makala hii inaeleza maneno hayo, ili mkazi akisikia jibu la namna hiyo aweze kuuliza swali linalofuata.

BODI YA WADHAMINI
Mtu anayesafiri anaweza kukuachia fedha za karo ya mtoto wake. Fedha ziko mkononi mwako, lakini si zako. Hiyo ni amana. Wadhamini ni watu waliokabidhiwa shirika kwa namna hiyo. Kazi yao ni kuhakikisha mali ya shirika inatumika kwa lengo lililoandikwa kwenye katiba yake. Nchini Uingereza, ambako baadhi ya mashirika ya misaada yana makao makuu, sheria ya mwaka 2011 inawatambua wadhamini kuwa ndio wenye jukumu la jumla la kusimamia shirika la hisani. Kwa kawaida hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo, bali hurudishiwa gharama kama nauli.

Tusichanganye majina. Mfadhili ni yule anayetoa fedha. Mdhamini ni yule anayezilinda. Mkurugenzi ni mwajiriwa anayeendesha kazi za kila siku, na bodi ndiyo inayomsimamia. Daktari au muuguzi unayemwona zahanati hayumo kwenye bodi hiyo.

AKIDI
Ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uweze kuamua. Tuseme bodi ina wajumbe 9 na akidi ni 5. Wakifika 4, wanaweza kuzungumza lakini hawawezi kupitisha jambo. Kwa sababu hiyo uamuzi unaweza kuchelewa hadi kikao kingine.

AZIMIO NA MUHTASARI
Azimio ni uamuzi uliopitishwa kikaoni. Muhtasari ni maandishi ya yaliyozungumzwa na kuamuliwa. Kama jambo halikuandikwa, baadaye ni vigumu kuthibitisha kwamba liliamuliwa.

FEDHA ZENYE MASHARTI
Neno hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Mfadhili akitoa fedha kwa ajili ya chanjo, bodi haina ruhusa ya kuzitumia kununulia dawa za malaria, hata kama dawa hizo zinahitajika sana. Lazima kwanza ipate kibali cha aliyetoa. Fedha zisizo na masharti ndizo bodi inaweza kuzipeleka penye shida kubwa zaidi, kwa sharti kwamba zinabaki ndani ya lengo la shirika.

Mfano wa kweli ni huu. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi, watu duniani kote walitoa michango mingi. Januari 2005 shirika la Médecins Sans Frontières lilitangaza kwamba limepata fedha za kutosha kwa kazi zake za tsunami. Liliacha kupokea michango kwa ajili hiyo, na likawaomba waliokwisha kutoa waruhusu ziada itumike kwenye dharura nyingine. Halikuzihamisha kimyakimya. Kumbe masharti yanaweza kulegezwa, ila kwa kuomba.

AKIBA
Ni fedha ambazo bodi inaziweka kando ili kazi isisimame mfadhili anapochelewa. Akiba ikiwa ndogo mno, zahanati inaweza kufungwa ghafla. Ikiwa kubwa mno, watu wana haki ya kuuliza kwa nini haitumiki.

MGONGANO WA MASLAHI
Mjumbe ana kaka mwenye duka la mabati, na shirika linataka kununua mabati. Hapo moyo wake una pande mbili. Anatakiwa aseme wazi, kisha atoke nje wakati wenzake wanaamua. Kuwa na ndugu mwenye duka si kosa. Kosa ni kuficha.

UKAGUZI WA HESABU
Ni kazi ya mtaalamu kutoka nje ya shirika, anayepitia hesabu na kutoa maoni kama zinaonyesha hali halisi. Mweka hazina hawezi kujikagua mwenyewe.

ULINZI WA WANAOHUDUMIWA
Bodi ina wajibu wa kuhakikisha wafanyakazi hawawadhuru watu wanaowahudumia. Mwaka 2018 gazeti moja la Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Oxfam nchini Haiti walikuwa wamelipia ngono baada ya tetemeko la mwaka 2010. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ilichunguza. Juni 2019 ilitoa ripoti iliyolilaumu shirika hilo kwa jinsi lilivyoshughulikia suala hilo, na ikalipa onyo rasmi.

Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku tangu mwaka 2003 mfanyakazi wa misaada kudai au kununua ngono kwa fedha, kazi, chakula au huduma. Ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 imekatazwa kabisa. Ukiombwa malipo ya namna hiyo, kosa si lako. Toa taarifa kwa mtu unayemwamini, au kwa ofisi ya malalamiko, au kwa ofisi ya UNHCR.

MAMBO HAYA YANATUHUSU VIPI?
Kamati yetu ya afya kambini nayo ni amana. Nayo inahitaji akidi, muhtasari na ukweli kuhusu maslahi. Ukihudhuria mkutano ujao, usitosheke na "Bodi imeamua." Uliza hivi:

1. Iliamua lini, na kwa sababu gani?
2. Fedha hizi zina masharti gani, na nani aliyaweka?
3. Je, mfadhili ameombwa abadilishe masharti?
4. Tutaletewa jibu lini?

Uliza kwa heshima, na umwombe katibu aandike swali lako kwenye muhtasari. Swali lililoandikwa hubaki hata baada ya watu kutawanyika, na kikao kinachofuata kitalikuta likisubiri jibu.