Chokaa ya Wazee Yapimwa kwa Darubini

Mgeni afikaye Biharamulo hakosi kuliona boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta za kale zikianza kumomonyoka, fundi wa leo hana shaka: huchanganya saruji na mchanga, akapiga lipu ngumu, kazi kwisha. Mara nyingi baada ya masika machache lipu hubanduka vipande vizima, na nyuma yake ukuta umelowa. Kwa nini?

Ukuta wa kale hunywa maji ya ardhini na kuyatoa nje kama mvuke. Chokaa huuachia mvuke njia, saruji huuziba. Basi chumvi iliyomo hukusanyika ndani, hukauka, na kulipasua jiwe laini.

Watu wa pwani, tangu Kilwa hata Lamu, walipanga magogo, juu yake wakaweka matumbawe, wakawasha moto. Jiwe likipata joto la kama digrii 900 hutoa hewa ya kaboni, likawa chokaa kali. Ukiimwagia maji huchemka yenyewe, bila moto! Ikipakwa ukutani huivuta tena hewa ile ile polepole, miaka na miaka, mpaka inakuwa jiwe. Kwa chokaa hiyo ulijengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzishwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, na kuta zake zingali zimesimama.

Lakini wazee walichanganya kwa kipimo gani? Wataalamu huchukua kipande kidogo na kukitia katika asidi. Chokaa huyeyuka, mchanga hubaki, nao hupimwa kwa mizani. Kwa mchanga wa mtoni, kama wetu, njia hii ni njema. Pwani inadanganya, maana mchanga wenyewe ni makombe yaliyosagika, na asidi hula vyote. Huko hukata kipande chembamba hata mwanga upenye, wakakitazama kwa darubini. Hata Korea, ambako makaburi ya wakubwa yalizungushiwa chokaa, mchanga na udongo, mchanganyiko wa kale huchunguzwa hivyo.

Si mchezo wa wasomi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafa. Jengo huanguka kwa sababu nyingi, lakini anayetengeneza bila kujua ukuta umeshikwa na nini anabahatisha.

Mwenye jengo la zamani aweza kuanza kwa kudondosha siki juu ya chembe ya lipu. Ikitoa povu, huenda ni chokaa. Huenda tu, kwani saruji iliyozeeka nayo hutoa povu. Hapo ndipo aitwe mtaalamu, kabla mifuko ya saruji haijashushwa.