Vihisi Katika Milima ya Masisi

Kihisi kisichotumia waya ni kifaa kidogo chenye kipimio, redio na betri. Kupima hakuli umeme mwingi. Kinachomaliza betri ni redio. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kurusha ujumbe hupanda mara nne, na penye vikwazo hupanda zaidi. Ndiyo maana itifaki nyingi za vihisi zinashughulikia jambo moja: nani ampelekee nani ujumbe.

LEACH, iliyotolewa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT, hugawa vihisi katika makundi. Kimoja katika kila kundi hupokea vipimo vya wenzake, huvifupisha na kuvirusha kwenye kituo kikuu kinachokusanya vipimo vyote. Kazi hiyo inakausha betri, hivyo uongozi huzungushwa kwa bahati nasibu. HEED ya 2004 ilirekebisha hapo: huangalia kwanza betri ya nani ina akiba. PEGASIS ya 2002 iliacha makundi na kupanga vihisi kwa mstari, kila kimoja kikimpa jirani. Umeme unaokolewa, ila ujumbe huchelewa.

Ukipeleka LEACH Masisi, mashariki mwa Kongo, inakwama mapema. Inachukulia kwamba kila kihisi kinaweza kufikia kituo moja kwa moja, lakini huko, karibu na mji wa Rubaya, mlima mmoja tu katikati unatosha kuzima mawimbi. Walikale, jirani na Masisi, kuna msitu mnene, na majani yenye maji nayo huyameza mawimbi hayo. Kwenye ardhi kama hiyo inafaa zaidi RPL, iliyosanifishwa mwaka 2012: kila kihisi huchagua mzazi kwa ubora wa mawasiliano, na mzazi akizimika hutafuta mwingine.

Kwa maporomoko ya udongo, ambayo Masisi inayajua vizuri msimu wa mvua, TEEN ya 2001 inavutia, kwa sababu kihisi hunyamaza mpaka kipimo kivuke kiwango kilichowekwa. Hatari yake ni kwamba kihisi kilichofukiwa nacho hunyamaza, na kituoni ukimya huo unasomeka kama usalama. APTEEN, iliyofuata, iliongeza taarifa za kila baada ya muda. Kwenye mteremko wenye nyumba chini yake, gharama hiyo ya betri haikwepeki.

Njia ya kupokezana ujumbe, kama ya RPL, nayo ina udhaifu wake: vihisi vilivyo karibu na kituo hubeba mizigo ya wote na ndivyo vinavyokufa kwanza, hivyo paneli za jua zianzie hapo. Kituo chenyewe kinahitaji umeme wa uhakika pia. Mwaka 2005, kwenye volkano ya Reventador nchini Ecuador, vihisi 16 vilifanya kazi kwa siku 19, na kukatika kwa umeme kituoni kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyousimamisha mtandao.