Fahamu: Kiharusi kinavyogeuza kemikali ya ubongo kuwa sumu

Ubongo ni mlaji mkubwa: una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Mshipa wake wa damu ukiziba, kama katika kiharusi, nishati huisha ndani ya dakika chache, na hapo balaa la pili huanza.

Seli za neva huzungumza kwa kemikali. Mojawapo ni glutameti, ile ya kuamsha. Kwa kawaida humwagwa kidogo, na ikishafikisha ujumbe hufyonzwa upesi. Kuifyonza kunahitaji nishati. Nishati ikikatika, glutameti hujaa nje ya seli. Mwaka 1984 watafiti wa Denmark walipenyeza mrija mwembamba kwenye ubongo wa panya, wakazuia damu kwa dakika 10, wakakuta glutameti imepanda takriban mara nane. Mjumbe akizidi hivyo hugeuka muuaji: milango ya seli hubaki wazi, kalisiamu huingia kwa fujo, na vimeng'enya huanza kuitafuna seli kutoka ndani.

Basi si milango izibwe tu? Wengi walidhani hivyo. Lakini dawa zilizowasaidia panya, selfotel ikiwemo, ziliangukia pua kwa wagonjwa miaka ya 1990. Sababu mojawapo ni muda. Panya huweza kudungwa dawa dakika chache baada ya mshipa kuzibwa, hata kabla. Mgonjwa hufika hospitali saa kadhaa baadaye, mafuriko ya glutameti yakiwa yameshapita. Tena panya wa maabara kwa kawaida ni kijana mwenye afya, hana shinikizo la damu wala kisukari.